Msanifu wa Saa Aliyeitwa Jana

Mchungaji, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wa kiwanda cha saa mliosimama kule nyuma na makoti yenu ya kila siku kwa sababu habari ziliwafikia mkiwa mmeshachelewa kubadili nguo, kwa niaba ya familia naomba niwasomee historia ya maisha ya mpendwa wetu, Hector Golay. Mimi ni Mariette, mdogo wake, na nimekabidhiwa kazi hii kwa sababu watoto wake, Bertrand na Sylviane, walisema hawataweza kuimaliza bila kulia, ingawa mimi nadhani sababu ni nyingine, nayo mtaisikia kabla sijakaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Februari 1936 huko Le Solliat, katika nyumba yetu ile yenye madirisha mengi upande wa kusini, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee Ulysse Golay na mama Cécile, ambao kiangazi walichunga ng'ombe na majira ya baridi walikaa dirishani wakisugua vipande vya saa kwa ajili ya viwanda, kama walivyofanya wazazi wao na majirani zao wote. Alibatizwa katika kanisa hilihili akapewa jina la Hector, jina lililopendwa sana miaka ile, na kwa kuwa Golay katika bonde hili ni wengi kuliko ng'ombe, walikuwako akina Hector Golay watatu, yeye, yule wa L'Orient aliyefariki angali kijana, na yule wa kiwanda cha mbao, ambaye yuko hapa safu ya tatu, mzima wa afya, na wiki hii amelazimika kuwaambia watu hivyo kwa simu mara nyingi kuliko ilivyo haki kwa mzee wa umri wake.

Kwa sababu hiyohiyo kila mtu wa bonde hili ana jina la utani, baba yetu aliitwa Kofia, mimi mnaniita Sindano na mnadhani sijui, na hata mtu akifa familia huandika gazetini jina lake la ubatizo kisha chini yake lile la utani, ili watu wajue ni nani hasa waliyempoteza. Nawakumbusha jambo mnalolijua kwa sababu mwaka huu kuna familia iliyolisahau makusudi.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi Le Solliat mwaka 1942 akamaliza mwaka 1951, kisha akajiunga na shule ya ufundi ya Le Sentier kusomea uchoraji wa mashine za saa hadi Juni 1955, akamaliza akiwa wa pili katika darasa lake, na aliyekuwa wa kwanza alihamia Geneva, kwa hiyo sisi hatumhesabu. Baada ya kutumikia jeshi, tarehe 3 Septemba 1956 aliajiriwa na kiwanda cha Combenoire, katika chumba cha wachoraji kule ghorofani, chini ya mkuu wake Bwana Reymond, nami nilimfuata miaka miwili baadaye, nikakaa chumba cha chini na wasichana wenzangu tukirekebisha zile kamani, springi ndogo nyembamba kama unywele.

Msanifu wa mashine ya saa ni yule anayeamua kila gurudumu likae wapi, liwe na meno mangapi na lisukume nini, ndani ya nafasi isiyozidi kifungo cha koti, na akishamaliza, saa huandikwa jina la kiwanda, la kwake haliandikwi mahali popote. Kaka yangu aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, alikuwa akichora kwa kidole juu ya kitambaa cha meza mama akiwa bado anapakua, na mama humpiga mkono kwa mwiko, naye huomba radhi na kuendelea na mkono wa pili.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, alipewa mashine yake ya kwanza kuisanifu peke yake, saa nyembamba ya wanaume yenye kidirisha cha tarehe, ambayo kiwanda kilitaka kuipeleka kwenye maonyesho ya Basel, na saa za majaribio zilienda vizuri mpaka Bwana Reymond akamwambia bado ni nene. Hector alikaa nayo majuma mawili, akaona kwamba akiondoa gurudumu moja kati ya yale yanayosukuma pete ya tarehe, ile yenye tarakimu za siku, mashine itakuwa nyembamba kama walivyotaka, akaliondoa, akafurahi, akatuma michoro mipya kwa wachongaji, wala hakukumbuka kuwaambia wapiga chapa wa tarakimu jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua, kwamba ukitoa gurudumu moja kwenye msururu, la mwisho huzunguka upande mwingine. Tarakimu zikapigwa kwa mpangilio ule wa zamani, na kwa kuwa muda ulikuwa umebana, pete zilifungwa siku ya mwisho kabla ya safari, hakuna aliyeziona zikigeuka.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi tarehe 20 Aprili 1963, saa zetu zikapangwa kwenye kabati la kioo, zote zikionyesha ishirini, na Jumapili asubuhi kabati lilipofunguliwa mbele ya wanunuzi zote zilikuwa zinaonyesha kumi na tisa. Mnunuzi mmoja kutoka Milano alizitazama kwa muda, akamwambia mkurugenzi wetu kwa upole, "Bwana, saa zenu ni nzuri sana, lakini mimi nina kazi kesho," kisha akaenda kabati la jirani, na wengine wakamfuata.

Jumatatu ile Hector aliingia mkahawa wa kiwanda saa ya chakula cha mchana, uso umemshuka, na Fernand Capt, mkuu wa wafungaji, aliyekuwa amelala macho wiki nzima akizifunga zile saa, akamwambia mbele ya watu wote, "Aa, Jana, karibu, lakini supu yako tumeshainywa." Watu wakacheka mpaka wakagonga meza, mimi pia nilicheka, na jina likashika hapohapo, ingawa wako wachache, mnawajua watu wa bonde hili, waliobisha mpaka jioni kwamba kwa hesabu sahihi saa ya tarehe ishirini na moja inayosema kumi na tisa ingestahili jina la Juzi.

Sitaki kuwadanganya mbele ya jeneza, kaka yangu alidhalilika. Kwa miaka miwili hakukanyaga mkahawani, alikula mkate wake mezani pa kuchorea, kanisani alikaa pale penye nguzo ili asionekane, na mwaka 1964 kampuni nyingine ilipomwita kwa kazi nzuri zaidi alikataa kwenda kuonana nao, akaniambia, "Mariette, wakiniuliza jina nitawaambia lipi?" Alichokifanya badala yake ni kuanzisha utaratibu ambao wachoraji wa Combenoire walioko hapa wameufuata maisha yao yote, kwamba mchoro hautoki chumbani mpaka mwenzako auzunguke, asimame upande wa pili wa meza, ageuze karatasi auangalie kutokea nyuma, na aseme kwa sauti kila gurudumu linaelekea wapi, nao waliuita kuzunguka kwa Jana.

Marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 12 Juni 1965 na mpendwa wake Lucette Aubert, msichana aliyekaa kiti cha pili kutoka changu, mpole nje na mkali ndani, na nakumbuka maharusi wakitoka mlangoni Fernand alipaza sauti, "Lucette, mshike vizuri huyo, usije ukaamka kesho ukajikuta hujaolewa." Lucette alimjibu, "Nikijikuta sijaolewa nitaolewa naye tena, wewe utajikuta hujaalikwa," na huo ndio mwaka Hector alipoanza tena kula mkahawani, kwa sababu mkewe alimburuta.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Bertrand, aliyezaliwa tarehe 8 Machi 1967, ambaye leo yuko Lausanne katika kazi ya bima, na Sylviane, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1970, mwalimu huko Morges. Watoto walilibeba lile jina shuleni bila kuulizwa kama wanalitaka, Bertrand alirudi nyumbani na pua inavuja damu kwa sababu ya wenzake kumwambia baba yake hulipwa mshahara wa mwezi uliopita, na Hector alimsafisha pua akamwambia, "Wewe baba yako walau ana jina, wao baba zao wanaitwaje, Golay, Golay na Golay," lakini mtoto hakucheka, na nasema hili kwa idhini yake, hajawahi kucheka.

Mwaka 1974 marehemu alikamilisha kazi kubwa kuliko zote alizofanya, mashine ya kalenda inayojua yenyewe mwezi upi una siku thelathini na upi una thelathini na moja, nayo inatengenezwa mpaka leo, na wako watu duniani wanaoivaa mkononi bila kujua imetoka kwa nani. Kiwanda kilitaka jina lake liandikwe kwenye hati ya uvumbuzi, naye akakataa katakata, akisema wakiandika jina lake mbele ya neno tarehe watu watacheka bonde zima, basi likaandikwa la Bwana Reymond, na mimi nilimwambia ni mjinga, na leo bado naona alikuwa mjinga.

Kisha zikaja saa za betri, mnakumbuka wenyewe, meza zikatoka moja baada ya nyingine, na mwaka 1981 Combenoire ilifunga milango, michoro ikatupwa kwenye pipa uani na kuchomwa kwa kuwa hakuna aliyeona faida ya kuitunza. Hector alikwenda kutengeneza visanduku vya mbao za msonobari vya kuwekea jibini, Fernand akawa anaendesha gari la kusukuma theluji, sisi wanawake tukatawanyika majumbani mwa watu. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka ule nilipomkuta kaka yangu barabarani, Fernand amesimamisha lile gari katikati ya njia na kumpigia honi, "Jana, panda, utachelewa kesho," naye akapanda akicheka kabisa, kicheko cha tumboni, na jioni akaniambia, "Kiwanda kimefungwa, michoro imeungua, Mariette, kazi yote ile imenibakishia jina tu, basi acha waniite."

Kuanzia siku hiyo alijiita hivyo mwenyewe, kwenye simu alisema, "Jana hapa," na kiwanda kilipofunguliwa upya mwaka 1987 na wenye mali wapya wakamwita arudi, alijitambulisha hivyo mbele ya vijana wa chumba cha wachoraji, akawasimulia kosa lake lote kabla hajawafundisha lolote. Alistaafu tarehe 28 Februari 2001, na wenzake walimpa zawadi ya saa moja kati ya zile za Basel, ambayo Fernand alikuwa ameificha kwenye droo miaka yote hiyo, naye hakuivua tena mkononi, ikawa inarudi nyuma siku baada ya siku na yeye anaitazama kwa raha zake. Mkewe Lucette alitangulia mbele za haki tarehe 19 Mei 2008, na tangu hapo kila Alhamisi mchana marehemu alitembea mpaka nyumba ya wazee kucheza karata na Fernand, wakigombana kwa sauti mpaka wahudumu wakafunga mlango.

Afya yake ilianza kudhoofika vuli iliyopita, moyo ulikuwa umechoka na maji yalimjaa miguuni, akalazwa hospitali tarehe 13 Desemba 2018. Nesi alipomuuliza leo ni tarehe ngapi ili aone kama akili iko sawa, aliitazama saa yake akajibu, "Nne," nesi akaandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, Sylviane akamfuata ukumbini kumweleza kwa sauti ya chini, amejaa aibu, na baba yake kitandani alicheka mpaka mpira wa hewa ukamtoka puani.

Tarehe 10 Januari tulikuwa sote watatu kando ya kitanda, akatuambia kwa utulivu, "Gazetini mwandike Hector Golay, na chini yake mwandike Jana, mkiacha hilo hakuna atakayejua aliyekufa ni nani." Bertrand akajibu, "Sawa, baba," Sylviane akaitikia kwa kichwa, nami nikasema, "Pumzika, kaka, tumesikia." Marehemu aliaga dunia Jumatatu tarehe 14 Januari 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa usingizini, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Sasa nafika nilikoahidi. Jumatatu ile mchana tulikaa mezani kwangu kuandika tangazo, na Bertrand akasema, "Shangazi, wateja wangu wanasoma gazeti lile, sitaki baba atangazwe kama kichekesho," Sylviane akasema mama yao aliteseka vya kutosha na jina hilo, jambo ambalo si kweli, nami nililijua si kweli, na mimi, niliyecheka mkahawani mwaka 1963 na kumwambia kitandani kwamba nimesikia, nilisema, "Andikeni la ubatizo, linatosha." Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa tunataka mazishi ya heshima, mtu mwenye sura ya msanifu, asiyecheka wala kuchekwa.

Tangazo lilitoka Jumatano, likiwa na jina lake la ubatizo na saa ya ibada tu, na Jumatano ile, Alhamisi na Ijumaa mwili ulikuwa katika kikanisa cha kuagia marehemu, sisi watatu tumekaa na birika la kahawa na keki tulizokata vipande vingi, na hakuja mtu isipokuwa mwenye nyumba aliyokuwa amepanga marehemu na mchungaji. Bertrand aliutazama mlango muda mrefu akauliza, "Ameishi hapa maisha yake yote na hakuna anayemjua?" nami, Mungu anisamehe, nilimwonea aibu kaka yangu pale alipolala, nikajiambia kumbe hakuwa na marafiki, kumbe wale wote walikuwa wakimcheka tu.

Ijumaa jioni, kikanisa kilipofungwa, nilikwenda dukani kwa Yvonne Meylan kuchukua mkate, naye alikuwa fundi wa kufunga saa pamoja nasi miaka mingi, akaniuliza, "Dada Mariette, huyo Hector anayezikwa kesho ni yupi? Tulimpigia wa kiwanda cha mbao, akapokea mwenyewe, amekasirika kwelikweli." Nikamwambia ni kaka yangu. Akaweka kisu chini, akasema, "Jana? Jana amekufa tangu Jumatatu na mmekaa kimya?" akavua aproni, akaanza kupiga simu na wateja wamepanga foleni, hakuna aliyelalamika, na mmoja wao alitoka bila mkate wake akienda kumwambia mumewe.

Kutoka hapo nilikwenda nyumba ya wazee kwa Fernand Capt, mwenye umri wa miaka tisini na mbili, nikamkuta amechanganya karata na kuziweka mezani mbele ya kiti kitupu, kwa sababu alikuwa akimngoja mwenzake atoke hospitali, na Alhamisi ilipopita alidhani amechelewa siku moja, kama kawaida yake. Gazeti la Jumatano lilikuwa hapo kando, limekunjwa kwenye ukurasa wa vifo, alikuwa ameshalisoma. Nilimwambia, "Fernand, tangazo hili ni letu, ni Hector aliyefariki." Aliniangalia kwa huruma, akanishika mkono akanipa pole, kisha akaniuliza, "Hector ni nani?"

Nilipomjibu kwamba ni Jana, alizikusanya karata moja moja mpaka zikaisha. Yuko hapa leo, kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango. Fernand, familia inakuomba radhi, na wewe Yvonne, na ninyi nyote ambao mlistahili kukaa naye siku tatu na tukawapa saa moja, tunawaomba radhi, kosa si la marehemu wala si lenu, tuliona haya kwa jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameacha kulionea haya tangu mwaka 1981.

Kwa niaba ya familia napenda kuwashukuru Daktari Pittet na manesi wa wodi, akiwemo yule aliyemuuliza tarehe, mchungaji wetu, majirani wa Le Solliat waliosafisha theluji mlangoni pake majira yote ya baridi bila kuombwa, wahudumu wa nyumba ya wazee waliovumilia kelele za Alhamisi, Hector wa kiwanda cha mbao kwa uvumilivu wake kwenye simu, wachoraji wa Combenoire wa zamani na wa sasa, na wote waliokuja leo kwa namna yoyote walivyovaa. Siwezi kuwataja wote kwa majina, na baada ya wiki hii sina uso wa kuzungumzia majina ya watu.

Mwisho, kwa idhini ya Bertrand na Sylviane, waliokaa na mimi Ijumaa usiku mpaka tukaliandika upya, nalisoma tangazo kama alivyoagiza mwenyewe. Tunasikitika kuwatangazia kifo cha Hector Golay, aitwaye Jana, msanifu wa mashine za saa, mume wa marehemu Lucette, baba wa Bertrand na Sylviane, kaka wa Mariette, rafiki wa Fernand Capt.

Tumelisoma kwa kuchelewa, kaka, na wewe huwezi tena kulisikia. Pumzika kwa amani, Jana.